Kocha mwenye makombe sio dawa ya timu mbovu

Kila klabu ya futiboli ya Australia ikichapwa mfululizo utasikia "leteni kocha mwenye makombe". Hapana bana. Kule AFL, ligi yao kuu, sio kama soka ambako kocha anakuja na listi yake ya usajili, tajiri anafungua pochi, kuna ukomo wa mishahara na madogo wapya wanagawiwa kwa drafti, yaani klabu zinachagua kwa zamu, aliyeburuza mkia kwa kawaida anachagua wa kwanza, kwahiyo kocha mpya anarithi wachezaji walewale waliokuwa wanafungwa na kuwabadilisha ni kazi ya miaka. Mcheki kocha Alastair Clarkson, bingwa mara 4 na klabu ya Hawthorn, kaenda North Melbourne, 2023 wameshinda mechi 3 tu, 2024 tena 3! Alafu Craig McRae ambae hajawahi kuwa kocha mkuu AFL akapewa Collingwood iliyomaliza ya 17 mwaka 2021, 2023 wakabeba ubingwa. Ila nae tusimpambe sana, alimkuta Scott Pendlebury na wakongwe wengine tayari wapo. Na kocha Damien Hardwick je? Klabu ya Richmond alianza nayo 2010 kwa kupoteza mechi 9 za kwanza, 2016 wakamaliza wa 13, klabu ikakomaa nae, 2017 mabingwa.