Tochi inayotaka kujua unakolala

Kazi yangu ni kukagua programu za simu kabla hazijaingia sokoni, na swali langu la kwanza huwa la kitoto: kitu hiki kinahitaji nini ili kifanye kazi? Tochi inahitaji taa iliyo kando ya kamera. Basi.

Mwaka 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Goldenshores, yenye tochi ya bure ya Android iitwayo Brightest Flashlight, iliyopakuliwa mara mamilioni. Tochi hiyo iliipelekea mitandao ya matangazo mahali simu ilipo, pamoja na namba ya kuitambulisha simu yenyewe, si ile ya kupigia. Kinachonikera hadi leo ni kitufe chake. Ukiifungua mara ya kwanza unaletewa masharti: kubali au kataa. Kabla hujagusa chochote, taarifa zimeshaondoka! Kampuni haikutozwa faini, iliamriwa tu ifute ilichokusanya na iwaambie watu ukweli.

Watu huniambia, "Namba tu hiyo, jina langu halimo." Ni kweli, halimo. Lakini simu inayolala Kimara kila usiku na kushinda Posta, katikati ya Dar es Salaam, kila siku ya kazi, katika jengo lile lile, kumjua mwenyewe kunahitaji ujuzi gani?

Halafu kuna mnada. Nafasi ya tangazo inapojitokeza kwenye programu, hunadiwa papo hapo, na wanunuzi huonyeshwa namba ya kuitambulisha simu pamoja na taarifa zinazoambatana nayo, mara nyingi hata mahali ulipo. Wanunuzi wengi hutaja bei, na yote huisha kabla hujapepesa jicho. Anayeshinda huonyesha tangazo lake. Walioshindwa nao wameshauona mzigo, na hakuna anayewapekua wakitoka.

Sisemi tuache vya bure. Ramani ya simuni huniokoa na foleni kila asubuhi, na hiyo lazima ijue nilipo. Hapo tumeuziana kwa haki.

Kwenye Android za karibuni, ingia Mipangilio, kisha Google au Faragha, kisha Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo, yaani namba hiyo ya mnadani. Programu zikikiuliza zitapewa sifuri tupu. Ruhusa ya mahali iache kwa zinazoihitaji, tena wakati unazitumia tu.

Juzi nilishika simu ya shemeji yangu. Tochi mbili za kupakua, moja ikiwa na ruhusa ya kusoma majina na namba za watu wake wote. Nikateleza kidole kutoka juu ya kioo, nikamwonyesha tochi iliyokuja na simu.