Dreva ya digrii 9 na dhana nyingine zinazowachelewesha wanaoanza gofu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuja mazoezini na dreva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali, nailoni bado imefunika kichwa. Uso wake umelala digrii 9 tu, na shafti, yaani mti wake, ina herufi X ya ugumu wa juu kabisa. Hana hata miezi miwili tangu ashike fimbo kwa mara ya kwanza. Nilipomuuliza nani alimchagulia, akasema muuzaji alimtazama mabega akamwambia, "Kaka wewe una nguvu, hii ndiyo saizi yako." Alipiga mipira 20. Mitatu ilipaa kidogo. Iliyobaki ama ilitambaa kwenye nyasi ama ilipinda kulia hadi nje ya uzio. Huyu ni wa nne kunijia hivyo mwaka huu.

Dhana yenyewe ni hii: lofti ndogo, yaani uso wa fimbo usiolala sana, inapeleka mpira mbali, na shafti ngumu ni ya mwanaume mwenye nguvu zake. Watu wanaitoa kwenye televisheni. Wanaona magwiji wa PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, wakipiga dreva za digrii 9, wakati mwingine chini ya hapo, mpira ukienda kama risasi. Hilo ni kweli. Wasichokiona ni kasi ya kichwa cha fimbo.

Rada za TrackMan zimewapima wachezaji hao kwa miaka mingi. Katika vipimo vyake vya miaka iliyopita, wastani wa PGA Tour ulikuwa kasi ya maili 113 kwa saa, mpira ukipaa kwa pembe ya digrii 11 hivi na kutua karibu yadi 275. Kwa wanawake wa kulipwa wa LPGA kasi ilikuwa maili 94, pembe digrii 13 na kitu, na mpira ulitua kama yadi 218. Ziangalie namba hizo vizuri. Anayezungusha fimbo polepole zaidi ndiye anayeurusha mpira kwa pembe kubwa zaidi, na anafanya hivyo kwa makusudi. Mpira wenye kasi ndogo unahitaji muda hewani. Ukiurusha chini, unaanguka kabla haujamaliza safari yake. Wanaume wengi ninaowapima wakiwa wanaanza hawafiki maili 90, wakiwemo wale wanaoshinda jimu wakinyanyua vyuma. Misuli ya kifua na kasi ya kichwa cha fimbo ni vitu viwili tofauti. Sasa niambie, kama bingwa wa kike mwenye miaka 15 kwenye mchezo anahitaji digrii 13 za kupaa, wewe unazitoa wapi kwenye dreva ya digrii 9 huku bado unaupiga mpira kwa kushuka?

Halafu kuna slaisi, ule mpira unaopinda kulia, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu wauzaji hawalisemi kabisa. Watu hudhani mpira wa gofu una mizunguko miwili, mmoja wa kurudi nyuma na mwingine wa pembeni. Una mmoja tu, kwenye mhimili mmoja. Mhimili ukisimama sawa, mpira unanyooka. Mhimili ukilala upande, mpira unapinda. Uso wa fimbo ukifunguka digrii 4 kuliko njia ya swingi, yaani mzungusho wa fimbo, lofti kubwa inaulaza mhimili kidogo, lofti ndogo inaulaza sana. Ukitaka ushahidi, chukua aioni 9 yako, fimbo ya chuma yenye lofti kubwa, na swingi ileile yenye kosa lilelile. Mpira unakwenda karibu umenyooka. Shika dreva, unaishia kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi, ya shimo la jirani. Hujabadilika wewe. Lofti ndiyo iliyokuwa ikikusitiri, na wewe umeenda dukani ukalipia iondolewe.

Wengine hunijibu kwamba hapa Dar kuna upepo wa bahari, hivyo lazima mpira uende chini. Upepo wa usoni unashindwa kwa kupunguza mzunguko wa mpira: chukua fimbo kubwa zaidi, shika chini kidogo, zungusha taratibu. Anayeanza ambaye mpira wake hupaa mita tatu hana tatizo la upepo.

Kuhusu shafti, zile herufi L, A, R, S na X hazina kipimo cha pamoja kinachozibana kampuni zote. R ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na S ya nyingine. Na shafti ngumu haikuongezei mwendo hata kidogo. Mtu wa kasi ya maili 85 akiishika X anaiona kama nondo, anaanza kulazimisha kwa mabega, na mabega yakilazimisha uso wa fimbo unafunguka. Tunarudi kulekule kwenye slaisi. Kwa anayeanza natoa ushauri mmoja na siubadilishi: dreva ya digrii 12, shafti R. La sivyo iache dreva nyumbani miezi mitatu, upige ti zako, yaani pigo la kwanza la kila shimo, kwa wudi namba 5, ambayo ni fupi kuliko dreva na ina lofti kubwa. Yule kijana wa Jumamosi nilimpa wudi 5 yangu ya zamani. Mpira wa pili ulitua katikati ya uwanja.

Dhana ya pili haihitaji maneno mengi. "Kocha, begi bila fimbo 14 si begi." Kumi na nne ni kikomo cha juu. Chama cha gofu cha Marekani kilikiweka mwaka 1938, R&A, wasimamizi wa sheria za gofu walio Uskoti, wakafuata 1939, kwa sababu wachezaji walikuwa wanabebesha makedi, wale wabeba mabegi, fimbo zaidi ya 20. Ukizidisha unaadhibiwa, ukiwa na 5 hakuna anayekuuliza. Anza na wudi 5, aioni 7 na 9, weji ya kutokea mchangani, na pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Kwa fimbo hizo unamaliza mashimo 18 kwenye viwanja vya Lugalo au Gymkhana hapa Dar bila kukwama.

Kuna na hili la "aioni 7 yangu inaenda mbali kuliko ya mzee fulani." Angalia lofti. Miaka ya 1980 aioni 7 ilikuwa na digrii 36 hivi. Nyingi za sasa zina 30 au chini ya hapo. Unashindana na aioni 6 ya mzee, pengine hata 5. Namba iliyochongwa chini ya fimbo haina sheria yoyote nyuma yake.

Pata ndiyo watu huchukua mwisho, yoyote iliyobaki kwenye kapu. Par 72, yaani idadi ya pigo inayotarajiwa kwa raundi nzima, imehesabiwa kwa pigo 2 za pata kila shimo, yaani 36. Nusu ya mchezo! Na bado mtu anatumia mamilioni kwa dreva atakayoitumia mara 14, kisha anaingia grini, penye shimo, na pata ndefu inayomgonga tumboni.

Linalonigusa moyo ni watoto. Baba anakata fimbo yake ya zamani kwa msumeno, anafunga gripi, yaani mshikio, anampa mwanawe wa miaka 8. Shafti ikifupishwa inakuwa ngumu zaidi, na kichwa kimebaki na uzito uleule wa mtu mzima. Mtoto hawezi kukiinua kwa mikono, basi anajitupa na mwili mzima, analalia nyuma, na ule mkao unamkaa. Nina vijana wa miaka 16 ambao bado tunapambana kuuondoa. Fimbo moja nyepesi ya kitoto ni bora kuliko sita zilizokatwa.

Fimbo za mtumba ni nzuri, msizidharau. Aioni iliyotunzwa inapiga miaka 15 bila shida. Hofia bandia tu: seti ya jina kubwa, "mpya kabisa", kwa robo ya bei, plastiki zote zipo. Tazama maandishi kama yamechongwa safi, linganisha vichwa vyote kama vina rangi moja, na ulizia namba ya utambulisho iliyo shingoni mwa fimbo.

Ukishanunua za mtumba, badilisha gripi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa jasho la hapa Dar gripi inateleza haraka, na inayoteleza inakufanya uibane, na ukibana mkono wote unakakamaa hadi begani. Kila baada ya raundi mbili tatu zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, uzifute, uziache zikauke kivulini. Usiziache kwenye buti la gari juani.