Waya wa miksa haurekodi shoo yenu

Juzi imetokea tena. Mpiga gitaa wa bendi moja ya roki inayochipukia kanitumia faili la shoo yao na swali moja tu: nani kaharibu? Gitaa lake halipo. Dramu zinasikika kama zinapigwa nyumba ya jirani. Mwimbaji yuko mbele kabisa, mkavu, kila pumzi unaisikia. Chini ya swali akamlaumu fundi mitambo. Fundi hakukosea chochote. Aliusawazisha ukumbi vizuri, na ndiyo maana faili limetoka hivyo.

Naichoka sana imani hii kwamba miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ina "sauti safi", chomeka kinasa sauti kwenye tundu la kutolea na kazi imekwisha. Kwenye uwanja mkubwa, ambako kila chombo lazima kipite kwenye spika ndipo kisikike, kuna ukweli ndani yake. Kwenye ukumbi wa watu 80 inapotosha.

Mpiga dramu akiichapa snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, mtu wa safu ya mwisho anaipata bila msaada wa spika yoyote. Amplifaya ya gitaa nayo inajitosheleza. Asiyejitosheleza ni mwimbaji, hana lake ila koo. Basi fundi anapeleka kwenye spika kile ambacho ukumbi hauna: sauti ya mwimbaji nyingi, dramu kubwa ya mguu kidogo, na gitaa, likiwa limeshajaa chumbani, anashusha kitelezi chake cha sauti kwenye miksa mpaka chini. Waya wa miksa unabeba lile pengo alilolijaza. Kadiri unavyopandisha amplifaya jukwaani, ndivyo unavyojifuta kwenye rekodi. Wapiga gitaa, hili ni lenu.

Wengine hunijibu: basi turekodi kila chaneli, yaani njia ya kila maiki au chombo, peke yake. Fanyeni, ni bora zaidi, lakini chukueni sauti kabla ya kitelezi na kabla ya kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa), la sivyo mtarithi maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya ukumbi. Na msitarajie chaneli hizo ziwe zimetengana. Fungua ya mwimbaji peke yake usikilize. Anapoimba karibu na maiki, ni yeye. Akirudi nyuma hatua mbili ili gitaa lipige solo, maiki ile ile, ikiwa bado wazi na imeelekea dramu, inageuka maiki ya toazi. Kompresa inazidisha balaa: mwimbaji akinyamaza, inaachia, toazi zinafurika. Ndiyo maana kwenye kuchanganya mimi huzima chaneli hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, pale asipoimba.

Viwango nitavisema upesi. Biti 24, kilohezi 48, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, ukomo wa kinasa, wakati wa majaribio, kwa sababu bendi hupiga kwa nguvu zaidi watu wakishaingia. Betri mpya.

Dawa ya kweli ni kinasa sauti cha pili ndani ya ukumbi, juu ya vichwa vya watu, halafu unachanganya viwili. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kila mita. Kinasa kikiwa mita 15 kutoka jukwaani, kinachelewa milisekunde 44 hivi, na snea inapiga mara mbili: ta-ta. Tafuta pigo moja la snea mwanzoni, sogeza faili la ukumbi mpaka mapigo yakutane. Kisha rudia katika kila wimbo. Vinasa viwili vina saa mbili, na saa mbili hazilingani kamwe. Baada ya saa nzima ile ta-ta inaweza kuwa imerudi.

Vitabu huishia hapo: sogeza mpaka zikutane kabisa. Mimi nasita. Kuna rekodi nilizozilinganisha sawasawa, ukumbi ukafa, bendi ikasikika kama iko ndani ya kabati. Nikaurudisha ukumbi nyuma milisekunde 10, ukapumua. Nyingine nikifanya hivyo dramu zinachafuka. Sijapata kanuni, kwa hiyo kila wimbo naamua kwa masikio.

Yule mpiga gitaa nilimuuliza kama kuna mtu alirekodi video kwa simu. Alikuwepo, safu ya tatu. Sauti ya simu ilikuwa imebanwa vibaya, besi karibu hakuna, lakini gitaa lilikuwemo. Nikaiweka chini ya faili la miksa, nikaisogeza mpaka snea ikawa moja. Gitaa likarudi likiwa na mwangwi wa ukumbi, na mwanzoni mwa wimbo wa pili kuna mtu karibu na simu anahesabu pamoja na fimbo za dramu: moja, mbili, tatu, nne.