Daraja la Jinja: ugumu uko kwenye mzega

Kabla ya Oktoba 2018, lori la Mombasa kwenda Kampala lilivuka mto Nile kwa barabara ya bwawa la Owen Falls (siku hizi Nalubaale), lililofunguliwa 1954. Zege la kituo cha umeme pale lina ugonjwa wa kuvimba: alkali ya saruji hukutana na silika ya kokoto, unatokea ute unaofyonza maji na kutanuka, kisha nyufa. Kuziba ufa kwa juu ni kupaka rangi kidonda. Na ukarabati wa bwawa hauendi vizuri malori yakiwa yanapita kichwani mwake, kwa hiyo naona kutenganisha barabara na bwawa ndiyo ilikuwa akili.

Daraja jipya ni la nyaya, mita 525. Kati ya minara miwili kuna mita 290, pembeni 135 na 100. Nyaya zimepangwa mstari mmoja katikati ya barabara, ndiyo maana sakafu ni sanduku la zege lenye uwazi ndani: lori likipita ukingoni, sanduku hukataa kujipinda.

Sakafu ya namna hii hujengwa kwa vipande kutoka mnarani, pande zote mbili kwa zamu, kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mzega. Fomu (ukungu wa kumwagia zege) inaning'inizwa mbele, nondo zinafungwa, zege linamwagwa, likikomaa nyaya zinakazwa kwa jeki, fomu inasogea. Kipande chenye zege mita 40 za ujazo kina tani 100 hivi. Upande mmoja ukitangulia, mnara unapindishwa.

Sasa angalia hesabu: nusu ya 290 ni 145. Mita 100 haziwezi kubeba 145 kwa mzega, mwisho wake utanyanyuka. Upande mfupi lazima uongezewe uzito au ufungwe chini.

Kipande cha katikati, kinachounganisha nusu mbili zilizotoka kwenye minara, ndicho chenye visa. Jua likipiga, uso wa juu hutanuka kuliko wa chini, nyaya nazo hurefuka, ncha inashuka. Joto likipanda nyuzi 10, mita 145 za zege hurefuka karibu milimita 15. Vipimo huchukuliwa alfajiri, ncha mbili hufungwa kwa mihimili ya chuma, ndipo zege linamwagwa.

Daraja likishafunguliwa, mkaguzi aanzie chini, nyaya zinapoingia kwenye sakafu. Maji ya mvua hufuata waya hadi pale, na tundu la kuyatoa likiziba kwa vumbi, kutu huanza mahali ambapo macho hayafiki.