Tovuti ya Kampuni Ikifeli Mtihani wa W3C, Kuna Hasara Gani?

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kampuni moja ya usafirishaji iliyokuwa inaunda upya tovuti yake. Mkurugenzi akauliza swali la mtu anayetoa hela: "Hivi viwango vya wavuti mnavyovitaja kila dakika, tusipovifuata itakuwaje?" Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ukurasa wenye makosa vivinjari huukataa, na Google huushusha chini kabisa. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mimi nikaendelea na chai yangu.

Majibu yote mawili hayakuwa kweli.

W3C ni shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Lina kikaguzi cha bure: unakipa anwani ya ukurasa, nacho kinakuorodheshea kila kosa la HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti. Kikikosa la kusema, kinakuonyesha kijani. Kijani kile mimi nilikiamini kama cheti cha daktari. Ningefungua tu ukurasa wa mwanzo wa Google ningeshtuka mapema. Kwa miaka mingi ukurasa ule umetumia alama ya "center" kuweka vitu katikati, alama ambayo HTML 4 iliwataka watu waanze kuiacha tangu mwaka 1997. Ukurasa maarufu kuliko karibu zote duniani haupati kijani, na hakuna aliyewahi kushindwa kutafuta kitu kwa sababu hiyo. Watu wa Google wenyewe wamesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba HTML safi si kigezo cha kupanga matokeo. (Ukurasa ulioharibika hadi hausomeki ni habari nyingine.)

Na kivinjari kukataa? Kivinjari hakina kiburi hicho. Kikikuta aya haikufungwa, kinaifunga chenyewe. Kikikuta alama kisiyoijua, kinairuka na kuendelea. Liliwahi kufanyika jaribio la kukifanya kiwe mkali: XHTML, aina ya HTML yenye masharti makali, iliyotoka Januari 2000. Ukurasa wa XHTML ukiletwa kwa jina lake halisi, yaani kivinjari kikitangaziwa kwamba hii ni XHTML, kosa moja tu la alama isiyofungwa linatosha kumwonyesha msomaji ujumbe wa hitilafu badala ya ukurasa. Lakini Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, haikuielewa XHTML ya kweli hadi toleo la 9, mwaka 2011. Kwa hiyo karibu wote tuliojisifu kuandika XHTML tulikuwa tunaituma chini ya jina la HTML ya kawaida, na vivinjari vikaisamehe makosa kama kurasa nyingine zote. Ukali tulikuwa nao sisi peke yetu.

Basi viwango havina kazi? Vinayo, ila kazi yake kubwa haiko kwenye orodha ya makosa. Iko kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa, ambao wengi huunakili bila kuuliza: <!DOCTYPE html>. Mstari huu hauonyeshi chochote kwenye skrini. Kazi yake ni kupiga hodi.

Ili kuona kwa nini hodi ilihitajika, twende kwa fundi seremala, tuseme pale Keko, Dar es Salaam. Ukimwagiza kitanda cha tano kwa sita, yeye na wewe mnajua kwamba tano kwa sita ni godoro. Mbao za pembeni ni nyongeza, kwa hiyo kitanda kizima kitakula nafasi zaidi ya hapo. Sasa fikiria fundi mwingine, mtaa wa pili, anayehesabu tano kwa sita kuwa ni kitanda kizima pamoja na mbao. Huyu atakuletea kitanda kinachoingia vizuri chumbani, lakini godoro lako halitaingia kitandani. Kila fundi yuko sawa kwa hesabu yake. Shida inaanza pale nyumba moja inapoagiza kwa wote wawili.

Hicho ndicho kilichotokea. CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, ilipotoka mwaka 1996 ilisema upana ni wa yaliyomo, yaani godoro. Internet Explorer ya Windows, hadi toleo la 5.5, ikahesabu upana kuwa ni wa sanduku zima. Chukua sanduku lenye upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani pikseli 20 kila upande, na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Kwa kanuni, sanduku linakula 350. Kwa Internet Explorer ya zamani linakula 300, na maandishi yanabaki na 250. Panga masanduku matatu ya namna hiyo kwa hesabu ya Microsoft, kisha ufungue ukurasa kwenye kivinjari kinachofuata kanuni: la tatu halipati nafasi, linaporomoka chini. Mteja anapiga simu kuuliza nani ameharibu tovuti.

Microsoft wangeweza kurekebisha vipimo vyao, lakini mamilioni ya kurasa zilizokwisha kupimwa kwa rula yao zingevurugika siku hiyo hiyo. Njia ya kutokea ilipendekezwa na mbunifu wa wavuti Todd Fahrner mwaka 1998, na Tantek Çelik wa Microsoft akaiweka kwenye Internet Explorer 5 ya Mac, mwaka 2000. Ukurasa ukianza na tamko linalostahili, umepiga hodi: unapokewa kama mgeni wa heshima na kupimwa kwa kanuni. Usipolitamka, kivinjari kinakuchukulia kama ndugu wa miaka mingi anayeingia kwa mlango wa jikoni, na kinarudia mazoea yote ya zamani, mabaya kwa mazuri. Vivinjari vyote vikubwa vikafuata, na mpaka leo vina tabia hizo mbili ndani yake. Maelezo rasmi ya HTML yanakiri kwamba mstari huo unatakiwa kwa sababu za kihistoria tu.

Hapa ndipo kijani changu kiliponiumbua. XHTML ilihimiza uweke tamko jingine dogo, la XML (lugha ambayo XHTML ilijengwa juu yake), juu kabisa ya ukurasa. Kikaguzi kikaridhika. Lakini Internet Explorer 6 ilikuwa inatazama mstari wa kwanza peke yake: ikikuta kitu kingine mbele ya hodi, haikusikia hodi. Ukurasa ukaingia kwa mlango wa jikoni. Aliyetii maagizo kuliko wenzake alipokewa sawasawa na asiyetii kabisa, tena kwenye kivinjari kilichotumiwa na karibu kila mtu. Nimeshaeleza jambo hili kwa watu wengi, na bado linanichekesha.

Kichekesho cha pili ni kwamba kipimo cha Microsoft, tulichokitukana miaka yote ile, kilirudi. CSS ya sasa inakuruhusu kuchagua mbao zihesabiwe ndani, na wabunifu wengi huanza kazi kwa kuchagua hivyo. Bootstrap, mfumo unaotumika kwenye tovuti nyingi za kampuni, ilikifanya kipimo hicho kuwa cha kawaida kwake mwaka 2013. Hata yale mazoea ya mlango wa jikoni siku hizi yameandikiwa kiwango chake rasmi.

Hasara za kweli zipo, ila hazina uhusiano mkubwa na kijani. Mwaka 2000 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alishinda malalamiko yake dhidi ya kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney, ambayo tovuti yake ilikuwa na picha zisizo na maelezo ya kusomwa na programu ya sauti. Kamati iliamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Maelezo hayo ya picha yalikuwa lazima katika HTML 4, kwa hiyo kikaguzi kingelalamika yalipokosekana. Lakini kikaguzi hicho hicho kinaridhika ukiandika "picha" kwenye kila picha, na msikilizaji hatofaidika na lolote.

Upande wa gharama, ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, ilipounda upya tovuti yake mwaka 2003 kwa kuhamisha mapambo kutoka HTML hadi CSS, walioifanya kazi walikadiria kupunguza kilobaiti 50 kwa ukurasa. Ukizidisha kwa kurasa milioni 40 kwa siku unapata terabaiti 2 kila siku. Hayo ni makadirio yao wenyewe, na upungufu huo ulitokana na kuondoa uchafu, si na kufaulu mtihani. Kwa anayesoma kwa bando, tofauti ni ile ile.

Korea Kusini ilijifunza kwa njia ndefu zaidi. Benki zake zilitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft peke yake, kwa hiyo kwa miaka mingi mteja alihitaji Internet Explorer ili ahamishe fedha mtandaoni. Kivinjari hicho kilipostaafishwa Juni 2022, mhandisi mmoja alikichongeshea jiwe la kaburi kwenye mkahawa mjini Gyeongju, lenye maneno yanayokisifu kuwa kilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine.

Ukitaka kujua tovuti yako inaingilia mlango gani, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya kuandika amri (Console), andika document.compatMode. Jibu likiwa CSS1Compat, hodi imesikika. Likiwa BackCompat, uko jikoni. Niliijaribu majuzi kwenye tovuti ya ile kampuni ya usafirishaji, niliyoikabidhi ikiwa ya kijani tupu. BackCompat. Kuna mtu amebandika msimbo wa kuhesabu wageni juu ya mstari wa kwanza.