Usifute Faili kwa Kuangalia Jina na Tarehe: Matumizi Sahihi ya Kivinjari cha Hifadhi

Tangu ianze kampeni ya kupunguza msongamano kwenye hifadhi za seva za pamoja, kitengo chetu kinapokea malalamiko ya aina moja: mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva) iliyokuwa imezimwa inawashwa, inakataa, diski yake haionekani. Tukifuatilia tunakuta mtu mwenye nia njema aliingia kwenye kivinjari cha hifadhi cha vSphere, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe, akaona folda "isiyotumika", akaifuta. Nafasi imepatikana, huduma imepotea.

Kivinjari hicho kinaonyesha folda, mafaili, ukubwa na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Hakina kazi ya kukuhakikishia kwamba faili halina mwenyewe.

Tuanze na jina. Ukibadilisha jina la mashine kwenye orodha ya vSphere, folda na mafaili yake hubaki na jina la zamani hadi mashine ihamishiwe hifadhi nyingine. Folda inayoitwa "majaribio" inaweza kuwa ndimo ulimo mfumo wa mishahara.

Tarehe nayo inapotosha zaidi. Mashine ikishapigwa snapshoti (alama ya hali yake ya wakati huo, ya kuweza kuirudia), data mpya huandikwa kwenye faili la snapshoti, lile lenye namba kama 000001 mwishoni mwa jina. Diski ya msingi inaendelea kusomwa lakini haiandikwi tena, kwa hiyo tarehe yake inasimama palepale. Fundi anaona diski ya gigabaiti 200 iliyokaa miezi bila kuguswa, na pembeni yake faili dogo la leo. Anafuta kubwa, anabakiza dogo. Lile dogo lina mabadiliko peke yake; bila diski ya msingi halifungui chochote. Ndiyo maana VMware hushauri snapshoti isikae zaidi ya saa 72, na ndiyo maana tunarudia kila mara kwamba snapshoti si nakala rudufu.

Wapo wanaotujibu kwamba kama faili lingekuwa linatumika, mfumo ungekataa kulifuta. Si kweli, na inachosha kulisikia kwa watu wenye mamlaka juu ya seva. Mfumo wa mafaili wa VMFS huweka kufuli kwenye mafaili ya mashine inayofanya kazi. Mashine iliyozimwa haina kufuli hilo, na kiolezo (mashine ya mfano ya kunakili nyingine) vilevile. Ukifuta, limefutika, hakuna kapu la taka la kwenda kuokotea.

Zipo pia folda zisizofanana na mashine yoyote. Ile ya "fcd" hubeba diski zinazojitegemea, zikiwemo za makontena ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu zilizofungashwa), na diski hizo zinaweza kuwepo bila kuunganishwa na mashine yoyote kwa wakati huo. Zinazoanza na "contentlib-" ni za maktaba ya violezo na picha za ISO (mafaili ya diski za usakinishaji). Zisiguswe kwa mkono. Faili la .vswp, la kumbukumbu ya muda, nalo hutokea mashine inapowashwa na kuondoka inapozimwa, hivyo halihitaji kusafishwa na mtu.

Utaratibu ni huu. Anayetaka kufuta afungue tiketi akitaja jina la hifadhi, njia kamili ya folda kuanzia /vmfs/volumes, ukubwa wake na sababu. Mmiliki athibitishe kwa maandishi. Idhini ya simu haikubaliki, hata ikitoka kwa mkuu wa idara. Sisi tutapitia mafaili ya .vmx (ya mipangilio) ya mashine zote kuona kama kuna inayoitaja diski hiyo, maana mashine moja inaweza kutumia diski iliyo ndani ya folda ya nyingine. Mmiliki asipopatikana, folda itabadilishwa jina na kuachwa siku 30 kabla ya kufutwa. Tiketi isiyo na njia kamili itarudishwa bila kushughulikiwa.

Kwenye vSphere, ruhusa ya kuvinjari hifadhi ni tofauti na ruhusa ya kushughulikia mafaili yake. Atakayefuta bila tiketi ataondolewa hii ya pili siku hiyohiyo na kubaki na ya kuangalia tu. Akirudia, akaunti itafungwa na taarifa kupelekwa kwa mkuu wake. Kitengo hakitawajibika kwa data iliyofutwa nje ya utaratibu.

Ikiwa tayari umefuta, usijaribu kutengeneza mwenyewe. Kwenye kivinjari diski huonekana kama faili moja la .vmdk, lakini kwa kawaida ni mawili: dogo la maelezo, na kubwa la -flat lenye data yenyewe. Anayeingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa kuandika amri, huyaona yote mawili na hulidharau lile dogo. Likipotea dogo, linaweza kuundwa upya mradi la -flat lipo. Programu hasidi ya ESXiArgs, inayofunga mafaili na kudai fidia, iliposhambulia seva za ESXi (za VMware, zinazoendesha mashine pepe) Februari 2023, mashine nyingi ziliachiwa mafaili ya -flat ambayo sehemu kubwa haikuguswa, na shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, likatoa programu ya kuzijenga upya kutokana na hayo.

Likifutwa la -flat lenyewe, matumaini ni madogo. Usiunde wala kuhamishia mashine yoyote kwenye hifadhi hiyo, wala usiwashe zilizozimwa. VMFS6 hurudisha yenyewe kwenye mtambo wa diski nafasi iliyoachwa wazi, kazi inayofanyika chinichini bila kukuuliza. Tupigie simu kwanza, tiketi utaijaza baadaye.