Umri Pekee Hauamui Nani Atahimili Kemotherapia

Hapa Lamu, bibi wa miaka 75 akigunduliwa kuwa na saratani, si ajabu jamaa wakakata shauri barazani kwamba asipewe kemotherapia, kwa kuwa dawa hizo zitammaliza. Hofu hiyo ni ya mapenzi, lakini msingi wake si sahihi, maana miaka peke yake haitoshi kutabiri nani atadhurika.

Mwaka 2011, daktari Arti Hurria na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 500 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Zaidi ya nusu yao walipata madhara makali, kwa hiyo hatari ipo kweli. Ila yaliyotofautisha mgonjwa na mwenziwe yalikuwa mambo 11, na umri ulikuwa mojawapo tu. Mengine ni aina ya saratani, dozi, kiwango cha damu, utendaji wa figo, na maswali mepesi kabisa: je, ameanguka katika miezi 6 iliyopita? Anasikia vizuri? Humeza dawa zake bila kusaidiwa?

Binti anayemwona mamake akishika ukuta kila apandapo ngazi za nyumba ya mawe anajua jambo ambalo kipimo cha damu hakilionyeshi, na ni muhimu mno alitaje mbele ya daktari. Hatari ikionekana kubwa, daktari aweza kuanza na dozi ndogo, kubadilisha dawa, au kumwita mgonjwa kliniki mara kwa mara zaidi.